Kweupe

Mahakama ya Bwera, chumba cha pili.
Bati linapigwa na mvua, na mimi mkalimani
nimesimama kati ya kizimba na meza ya hakimu
kama daraja la Lubiriha, nakanyagwa kutoka pande zote mbili.

Mama Katungu ameapa. Kiswahili chake ni cha ng'ambo,
cha Kasindi, kinakuja kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo.
"Aliibeba kahawa yangu," anasema, "turubai zima,
mchana kweupe."

Nalivusha neno hadi kwenye Kiingereza. Jepesi. Nalitua mezani.
Hakimu anaandika, kalamu yake haina shaka.
Lakini wakili wa Muhindo amesimama na karatasi
yenye muhuri wa watu wa hali ya hewa:
siku ile wingu lilishuka kutoka Rwenzori tangu saa nne,
na saa nane Mpondwe waliwasha taa madukani.
"Basi, mama, huo weupe uliutoa wapi?"

Watu wanacheka kidogo. Hata askari.

Nami nimebaki na neno mkononi.
Mchana. Tunalitumia kama sarafu,
nani husoma kilichoandikwa?
Umekula mchana? Njoo mchana. Analala mchana huyu.
Kwa mke wangu ni saa zile nguo zinakauka.
Kwa baba, mchota chumvi wa Katwe, alikuwa adui:
aliingia ziwani gizani, akatoka
jua lilipoanza kumuuma mapajani.
Na waliotuachia lugha hii, bila risiti,
walisema usiku kucha, mchana kutwa.
Usiku wakauita kwa kucha kwake,
mchana wakauita kwa kutwa kwake,
kila kimoja kwa jina la mlango wa kutokea.

"Mkalimani," hakimu ananistua, "muulize."

Namuuliza. Mama Katungu anafunga upya kitenge.
Hamtazami wakili. Ananitazama mimi,
kana kwamba ni mimi niliyelipoteza neno lake.
"Mwambie mimi sikusema jua.
Jua sikuliona siku ile.
Nilitoka kuianua kahawa kabla mvua haijanya,
nikakuta ameshaianua yeye.
Alikuwa anakunja turubai, pembe kwa pembe,
kama mtu anayekunja shuka lake mwenyewe.
Akaniona namwona.
Akanisalimu.
Akaniuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina.
Huko ndiko kweupe."

Nikatafuta Kiingereza cha mtu anayekuibia
huku akikujulia hali watoto.
Nilichopata kilikuwa kifupi,
na hakimu akakifupisha tena: mstari mmoja, nukta.
Sikumlaumu. Faili lilikuwa limejaa,
na balbu ya chumba kile iliungua tangu Pasaka.

Kesi ikaahirishwa. Mwambie arudi Alhamisi.
Ilikuwa Jumanne. Nikamwambia: kesho kutwa.
Akahesabu kwa vidole, taratibu.
"Kesho mpaka kutwe," akasema, "ndipo nije."
Ndiyo, mama.
"Haya. Nitaingoja itwe."

Nilipotoka mvua ilikuwa imekatika.
Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana hauagi.
Unamwona ameketi, unageuka kufunga kamba ya kiatu,
ukiinua kichwa ameshaondoka na kiti chake.
Nikaharakisha.

Ng'ambo ya barabara, Mama Katungu alikuwa ananunua chapati mbili,
viatu vyake vizuri vimerudi ndani ya mfuko.
Na Muhindo, aliye nje kwa dhamana, akaja pale pale kwa mchoma chapati.
Nilisimama. Nilitaka kuona.
Wakasalimiana.
Akamuuliza habari za watoto, naye akajibu
hawajambo, wote, hata yule mdogo wa kifua.

Nikaitazama saa: kumi na mbili kasoro dakika kumi.
Bado kulikuwa kweupe.